Kurejea Tawi la Awali: Funzo la Jeshi la Wanahewa la Kenya, 1982–1994

Kijana wa eneo la Kwanza anayechukuliwa jeshini haanzi safari yake mbali na kwao. Akishapita Kitale, Eldoret si mbali, na hapo ndipo penye chuo cha makuruta. Wa nchi kavu, wa anga na wa majini huamshwa kwa amri moja na kukanyaga uwanja mmoja. Kutengana huja baada ya kufuzu: huyu Nanyuki, yule Eastleigh, mwenzao Mtongwe. Miaka ikipita, mmoja huenda akahamia tawi jingine, kisha akatamani kurudi alikotoka. Aulizwe nini mtu huyo? Ninashikilia kwamba aulizwe ujuzi wake. Desturi ya kumpima kwanza kwa shaka, kana kwamba kuhama ni dalili ya utiifu uliolegea, ina asili yake katika historia yetu, na asili hiyo inafaa kuchunguzwa.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanahewa wa vyeo vya chini, Hezekiah Ochuka akiwa mstari wa mbele, waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Askari wa nchi kavu chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikikomboa siku hiyohiyo. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Jeshi la Wanahewa, lililoundwa Juni 1964, lilivunjwa lote. Lililozaliwa upya lilibandikwa mwaka wa aibu kama jina, likawekwa chini ya jeshi la nchi kavu, na Mahmoud Mohamed mwenyewe akakabidhiwa uongozi wake. Peter Kariuki, aliyekuwa kamanda wa anga, alifungwa miaka 4. Baadaye sana mahakama iliamua alipwe fidia.

Naelewa hofu ya serikali wakati ule. Watu walikuwa wamekufa, na Nairobi ilikuwa imeporwa. Hata hivyo, hatua ile ilipandikiza fundisho baya: kwamba sare ya tawi fulani ni ushahidi wa moyo wa aliyeivaa. Fundi wa ndege asiyejua lolote kuhusu njama alibeba lawama sawa na aliyeshika bunduki redioni.

Mwaka 1994 jeshi hilo lilirejeshewa jina na mamlaka yake. Miaka 12 ya usimamizi ilikuwa imethibitisha jambo ambalo rubani yeyote angelisema tangu mwanzo: ndege haiendeshwi kwa maarifa ya mtu wa miguu, hata awe hodari vipi. Kurejea huko kulikuwa kukiri kwamba tawi ni kazi, na kazi ina wenyewe. Tazama pia waliokulia humo. Francis Ogolla alipata kamisheni mwaka 1985, katikati ya kipindi cha shaka, akapangiwa jeshi hilo lililokuwa likitazamwa kwa jicho la pembeni. Aliliongoza kuanzia 2018, na mwaka 2023 akawa Mkuu wa Majeshi, wadhifa aliokuwa nao hadi ajali ya helikopta ilipomuua tarehe 18 Aprili 2024. Kabla yake, mwanahewa mwenzake, Julius Karangi, aliteuliwa kushika wadhifa huohuo mwaka 2011.

Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inayataja majeshi matatu kuwa sehemu za chombo kimoja, Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Kwa hiyo anayevuka kutoka moja hadi jingine hajatoka nyumbani; amehama chumba.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya gharama, na hoja yao ina uzito. Mafunzo ya rubani au ya fundi wa rada hugharimu fedha nyingi za umma, na ujuzi huchakaa usipotumika. Lakini hiyo ni hoja ya kumpima anayerejea kwa mtihani wa kazi, kumpeleka kozi ya kujinoa, na kumweka chini ya mwangalizi kwa muda. Kumfungia mlango si sehemu ya hoja hiyo. Vilevile miaka aliyotumikia upande wa pili ihesabiwe, maana ni bendera ileile aliyoipigia saluti.

Palipo na tuhuma halisi, iandikwe wazi katika faili lake: jina la tendo, tarehe yake na shahidi wake. Naye aitwe asomewe, ajibu.