Kipande: Kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni

KABLA ya kitambulisho cha plastiki kinachokaa ndani ya pochi, mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi Nairobi alibeba karatasi yake shingoni, ikiwa imekunjwa ndani ya kikasha kidogo cha chuma kilichofungwa kwa uzi. Karatasi hiyo ndiyo iliyoitwa kipande. Jina lenyewe halijafa, kwani wapo Wakenya ambao hadi leo huita kitambulisho chochote kipande.

Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka wa 1915, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilichelewesha utekelezaji wake hadi mwaka wa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kusajiliwa, kuchukuliwa alama za vidole na kutembea na kipande chake popote aendapo nje ya eneo la kwao. Aliyepatikana bila hicho alitozwa faini au kufungwa.

Kadi ya biashara humtangaza mwenyewe kwa maneno aliyoyachagua. Kipande kiliandikwa na wengine. Kando ya jina, kabila na alama za vidole, mwajiri alijaza aina ya kazi, ujira na tarehe za kuanza na kumaliza. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wake. Kibarua ambaye mwajiri wake hakumtilia saini ya kumwachilia hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akitoroka, alama za vidole zilizohifadhiwa Nairobi zilitosha kumsaka. Ujira mdogo ulioandikwa jana ulimfuata pia kwa tajiri mpya, ambaye hakuwa na sababu ya kuongeza.

Kikasha kilikuwa cha kuilinda karatasi dhidi ya jasho na mvua. Hata hivyo, kwa waliokivaa kilikuwa fedheha iliyozidi karatasi yenyewe. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi. Mtu mzima, baba wa watoto, aliamriwa barabarani akifungue mbele ya askari.

Katika Nairobi, waliobeba vikasha hivyo waliishi zaidi upande wa mashariki: Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika mapema miaka ya 1920, na Kariokor, ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyapigania Harry Thuku, karani wa serikali aliyeongoza Chama cha Afrika Mashariki, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na Muthoni Nyanjiru akawahimiza wanaume wasirudi nyuma. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walisema waliouawa, Nyanjiru akiwemo, walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Kipande kilidumu robo karne nyingine. Sheria mpya ya mwaka wa 1947 ilipowataka wanaume wa rangi zote wasajiliwe, walowezi ndio waliopiga kelele, wakisema kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Mwaka wa 1950 tume ya Sir Bertrand Glancy ilipendekeza kwamba wanaojua kusoma na kuandika waruhusiwe kutoa picha na saini badala yake. Waafrika walikuwa wametoa hoja iyo hiyo kwa miaka 30.

Kikasha kilitoweka shingoni, ukaguzi haukutoweka. Wakati wa hali ya hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kuchukua vitabu maalumu vya pasi. Katika msako wa Operesheni Anvil ulioanza Aprili 24, 1954, majeshi yaliizingira mitaa ya Eastlands, na maelfu ya watu wakapelekwa kambini Lang'ata kuchujwa.

Wanawake wa Kenya walijumuishwa katika usajili wa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka wa 1978.