Chupa Iliyokuwa na Bei

Ukitoka mjini kwa barabara ya M1 kuelekea kaskazini, tazama majani ya kando. Utaona chupa za plastiki: za maji, za soda, na nyingine zenye kitu cha njano ambacho si juisi (madereva wa safari ndefu wanajijua). Lakini ile chupa kubwa ya bia, ya kahawia, ya mililita 750, haikai hapo muda mrefu ikiwa nzima. Kuna atakayeiokota, kwa sababu ina bei.

South African Breweries ilianzishwa mwaka 1895, Johannesburg ikiwa bado mji wa wachimba dhahabu wenye umri wa miaka 9 tu. Kioo kilikuwa ghali, hivyo chupa ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Mnywaji aliwekeza pesa ya chupa, akairudisha, akapewa pesa yake.

Kwa wazazi wetu ilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa na miaka minane, likizoni Tanga, niliondoka na soda yangu dukani kwa bibi. Akaniita mbele ya wateja: "Wewe mjukuu wangu, umenunua soda, chupa hukununua!" Niliinywa pale pale, nimesimama, huku wenzangu wakinicheka.

Mwaka 1973, Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont, Marekani, alipata hataza ya chupa ya plastiki ya PET. Ni nyepesi, haivunjiki, na muuzaji hana haja ya kuisubiri irudi. Gharama ya kuirudisha haikutoweka, ilihamia barabarani.

Serikali ya hapa ilishughulikia mifuko kwanza. Mifuko ya plastiki ilikuwa imejaa kwenye nyua za waya hadi ikaitwa kwa mzaha "ua la taifa". Mei 2003 ile myembamba ikapigwa marufuku, na mteja akaanza kulipia mfuko. Kenya ilifuata Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Sheria zote hizo zililenga mifuko. Chupa ikapita.

Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2021 zinawabebesha wazalishaji jukumu la vifungashio vyao. Hata hivyo, anayeinama kuokota ni yule kaka anayevuta mkokoteni kwenye Empire Road, tukimpigia honi. Hulipwa kwa kilo, na kilo moja ni chupa kama 50 za nusu lita.