Kamera Haikufika Modogashe: Hadithi, Mahali na Utalii wa Filamu Kaskazini mwa Kenya

Mwaka 2001 mabaraza mawili tofauti kabisa yalikaa katika nyika ya kaskazini mwa Kenya. La kwanza lilikuwa katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, ambako Wamarekani 16 walipigiana kura mbele ya kamera, mmoja baada ya mwingine akitolewa, hadi akabaki wa kuondoka na dola milioni moja. Hicho kilikuwa kipindi cha Survivor: Africa, kilichoanza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo. La pili lilikaa Modogashe, njia panda ambapo barabara ya Garissa hukutana na ya Isiolo kabla ya kuelekea Wajir. Hapo viongozi wa jamii za wafugaji na maofisa wa serikali walikubaliana juu ya malisho, wizi wa mifugo, silaha haramu na fidia ya damu. Baraza la kwanza lilitazamwa na mamilioni ya watu. La pili, lililozaa Azimio la Modogashe, hutajwa zaidi na watafiti wa amani.

Tofauti hiyo inatupa nafasi ya kuuliza swali ambalo wapangaji wa utalii wa filamu hulikwepa: mgeni anayesafiri kwenda kuona mahali palipopigwa picha, hasa anafuata nini? Jibu la kawaida ni kwamba anafuata kamera. Kwa hiyo ilete kamera, na wageni watakuja. Makala haya yanadai kwamba mgeni hufuata hadithi, na kwamba kamera humleta tu pale inapoacha kitu cha kumwonyesha. Dai hili likikubalika, mji kama Modogashe hauna haja ya kungoja watengenezaji wa tamthilia.

Tuanze na ushahidi unaoonekana kunipinga. Dubrovnik, mji wa Kroatia, ulifurika wageni baada ya kuta zake kutumika kama mji mkuu wa kifalme katika Game of Thrones, tamthilia ya mazimwi na viti vya enzi iliyoonyeshwa kati ya 2011 na 2019. Ait Benhaddou, ngome ya udongo nchini Morocco, nayo ilitumiwa na tamthilia hiyohiyo. Hadithi haikuwa ya Wakroatia wala ya Wamoroko, na bado wageni walikuja. Lakini miji yote miwili ilikuwa na umbo lisilosahaulika kabla ya kamera kuwasili, na yote ilikuwa tayari katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Dubrovnik tangu 1979, Ait Benhaddou tangu 1987. Tamthilia iliazima kuta zilizokuwapo. Faida nayo ilikuja na gharama, kwani Dubrovnik ililazimika kuwekea mipaka meli za kitalii zilizokuwa zikimwaga maelfu ya watu ndani ya mji mkongwe kwa siku moja.

Tunisia inafundisha zaidi, kwa kuwa mandhari yake yanakaribiana na yetu. Filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, iliigeuza nyumba ya Waamazigh iliyochimbwa ardhini huko Matmata kuwa makao ya shujaa wake. Miaka ishirini baadaye, filamu nyingine ya mfululizo huo ilijengewa mji mzima wa bandia jangwani karibu na Tozeur. Ule mji wa bandia umekuwa ukiandamwa na matuta ya mchanga yanayohama. Nyumba ya Matmata, iliyochimbwa na watu kwa ajili ya kuishi, ni hoteli inayopokea wageni. Kilichodumu ni kile ambacho wenyeji walikijenga kwa sababu zao wenyewe.

Turudi Shaba. Survivor haikuwa na mazimwi, lakini ilikuwa kazi ya kubuni kwa maana kamili: iliweka nchi ya kufikirika juu ya nchi halisi. Washindani waligawanywa katika makundi mawili yaliyopewa majina ya Boran na Samburu, yaani majina ya jamii zinazochunga mifugo katika eneo hilohilo. Walilala ndani ya boma la miiba kwa hofu ya simba. Mfugaji wa kaskazini analijua boma hilo vizuri: matawi ya mgunga hupangwa vichwa vikitazama nje, na lango ni tawi moja kubwa linalovutwa kwa shina kutoka ndani, hivi kwamba anayetaka kuingia hukutana na miiba huku aliye ndani akishika mti laini. Ni ufundi uliokamilika, lakini haukukusudiwa kudumu. Mifugo ikihama, boma huachwa na mchwa humaliza kazi. Kipindi kilipokwisha, hapakubaki ukuta wala lango la kumwonyesha mgeni. Hadithi haikuwa ya Shaba, na alama haikuwapo. Kwa hiyo jina lililobaki katika kumbukumbu ya watazamaji ni la bara zima, si la hifadhi.

Sasa tazama mifano iliyo kinyume. Filamu ya Born Free ya mwaka 1966, juu ya simba Elsa na walezi wake Joy na George Adamson, ilipigwa kwa sehemu kubwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Mgeni aliyeguswa na hadithi hiyo hatafuti Naro Moru. Huenda Meru, kwenye kaburi la Elsa, na mwenye ari zaidi hufika Kora, ng'ambo ya Mto Tana, alikozikwa George baada ya kuuawa na majambazi Agosti 1989. Kadhalika The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, juu ya simba wala watu wa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini, lakini daraja la reli linaloonyeshwa kwa wageni ni la Tsavo. Kamera ilikwenda kwingine. Hadithi ilibaki kwa mwenyewe.

Hata hivyo, kumiliki hadithi peke yake hakutoshi. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Hamburg na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, ilitokana na tukio halisi la Desemba 2015 katika barabara ya Mandera, pale abiria Waislamu walipokataa kujitenga na Wakristo mbele ya washambuliaji wa basi lao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na baadaye akafariki kwa majeraha yake. Hadithi ni ya kaskazini kabisa, na dunia iliisikia. Lakini Meru ina kaburi linalotunzwa na Tsavo ina daraja; barabara ya Mandera ina tahadhari za usalama. Hadithi huhitaji mahali panapotunzwa na njia inayopitika.

Ndipo tunapofika Modogashe. Hapatarajiwi watalii kutoka London wala Chicago, na mpango wowote unaowaahidi ni wa kuombea fedha tu. Mgeni halisi ni abiria wa basi la Wajir, dereva wa lori, mwanafunzi wa chuo, afisa aliyehamishiwa kaskazini. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na mgeni huyu tayari anakuja, anashuka, anakunywa chai na kuondoka bila kuambiwa amepita wapi. Barabara ya Isiolo hadi Mandera ikiwekwa lami, wa aina yake wataongezeka.

Kitu cha kumwambia kipo. Azimio la mwaka 2001 liliweka fidia ya mifugo 100 kwa uhai wa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na kuibebesha jamii nzima mzigo wa kosa la mtu mmoja. Wanasheria wamelikosoa kwa yote mawili: linamthamini mwanamke nusu, na linagongana na sheria ya nchi inayomhukumu mkosaji binafsi. Lilirejelewa Garissa mwaka 2005. Ukosoaji huo haupunguzi thamani yake kama hadithi, unaiongezea. Survivor ilikuwa na kanuni zilizotungwa na watu wasioishi nazo. Azimio lilitungwa na watu waliojua kwamba kesho watakutana tena kisimani.

Pingamizi zito zaidi ni la umiliki. Mpaka wa Garissa na Isiolo katika eneo hili una mgogoro wa muda mrefu kati ya Wasomali na Waborana, na jiwe lolote la kumbukumbu linaweza kusomwa kama dai la ardhi. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, lakini inapendekeza namna ya kufanya jambo, si sababu ya kuliacha. Kumbukumbu ya Azimio iandaliwe na kaunti zote mbili, maandishi yake yabandikwe kwa Kisomali, Kiborana na Kiswahili, na ushuhuda wa wazee walioshiriki urekodiwe kabla hawajatutoka. Na kampuni yoyote itakayoomba leseni ya kupiga picha kaskazini itakiwe kwanza kupata idhini ya jamii ambayo jina lake litatumiwa. Mwaka 2001 jina la Waborana lilitolewa kwa wageni kama fulana ya timu, ilhali Waborana wenyewe walikuwa na kikao cha maana zaidi cha kuhudhuria.