Chubwi

Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Wavuvi wa pwani wanalijua neno hili. Bara wengi husema "uzito" tu. Nalitetea hapa kwa sababu kuna uvuvi mmoja usioelezeka vizuri bila neno hilo.

Uvuvi huo ni wa besi, samaki wa Marekani wenye vinywa vipana, walioletwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920. Maji yakiwa maangavu, au wakiwa wamechoka kusumbuliwa, hukataa chambo kikubwa chenye kelele. Hapo huhitajika mkono mwepesi: mshipi mwembamba, ndoana ndogo, mnyoo laini wa plastiki. Tofauti na mpangilio wa kawaida, chubwi hukaa mwisho kabisa wa mshipi, na ndoana hufungwa juu yake, sentimita 30 hivi, ncha ikitazama juu. Chambo hakigusi tope. Huelea pale pale macho ya samaki yalipo.

Anayejifunza hutikisa kila kitu, na ndiyo maana hapati. Risasi itulie chini. Legeza mshipi kidogo, kisha utetemeshe ule ulegevu tu, mnyoo ucheze mahali pamoja. Halafu acha. Subiri zaidi ya unavyotaka, maana besi wengi hushika wakati wa utulivu. Ukihisi uzito mgeni, usikurupuke kuvuta, mshipi mwembamba utakatika. Zungusha roda hadi mshipi ukaze, kisha inua ufito taratibu, na ndoana itajichoma yenyewe.