Mahame, Mizimu na Uchawi: Historia ya Mahali Palipoharibika katika Nchi ya Mara

Utangulizi

Mahali palipoharibiwa na nguvu zisizo za kawaida si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Msomaji wa Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1952, hukutana na mji ambao watu wake wamegeuka mawe kwa sababu ya kufuru yao. Msomaji wa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za Euphrase Kezilahabi, huongozwa katika ulimwengu wa ukiwa ambao hautii kanuni za kawaida za mahali na wakati. Mwandishi wa kwanza alizaliwa karibu na Tanga, pwani. Wa pili alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe kinachopakana kwa maji na nchi ya Wajita. Kila mmoja aliandika juu ya mahali ambapo maisha yamekatika, na kila mmoja alimwachia msomaji swali lile lile: ni nani aliyepaharibu?

Mhadhara huu unalichukua swali hilo na kulipeleka katika historia. Eneo linalohusika ni lile la Musoma, Bunda na Butiama, katika mkoa wa Mara, pamoja na majirani zake wa mashariki na kusini. Katika mitaa ya mji wa Musoma, Kitaji ukiwa mmojawapo, Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Wakurya, Waikizu na Wajaluo wamezoea kukutana katika lugha ya Kiswahili. Hivyo, yale ambayo kila lugha ya huko ilikuwa ikiyasema kwa namna yake kuhusu mahali penye nguvu na mahali palipoharibika yameingizwa katika maneno machache ya Kiswahili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika safari hiyo lawama ya kuharibika kwa nchi ilihama: ilitoka katika mahusiano ya jamii nzima na nchi yake, ikamwangukia mtu mmoja mmoja.

Msamiati wa mahali palipoharibika

Kiswahili kina hazina ya maneno yanayohusu jambo hili. Mahame ni mahali palipokuwa na makazi, kisha wenyeji wakahama. Neno hili limetokana na kitenzi -hama, na kwa hiyo hubeba ndani yake kumbukumbu ya watu. Ganjo lina maana iliyo karibu na hiyo. Gofu ni jengo lililobomoka na kuachwa. Kitenzi haribu chenyewe kimetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubomoka na kuwa ukiwa. Yaani kabla ya kutumika kwa saa au chakula, kuharibika kulikuwa sifa ya mji na nchi.

Kundi la pili linahusu nguvu zenyewe. Mzimu, katika matumizi ya zamani ya pwani, haukuwa tu roho ya marehemu, bali pia mahali: pango, mti mkubwa au kichaka ambapo watu walipeleka sadaka. Zindiko ni kinga inayowekwa ili kuulinda mji au shamba. Jini na shetani yamekuja na Kiarabu pamoja na Uislamu, na shetani likapata nguvu mpya katika mahubiri ya Kikristo ya bara.

Tofauti kati ya makundi haya ni muhimu. Anayesema mahame anakiri kwamba hapo paliishi watu na kwamba kuna sababu iliyowaondoa. Anayesema hapo ni pa mashetani hana haja ya kuuliza waliokuwapo walikwenda wapi.

Nchi yenye mlinzi

Katika lugha za kusini mwa Mara mahali penye nguvu hutajwa kwa jina la erisambwa, wingi wake amasambwa. Wanaisimu watatambua mara moja kuwa neno hili lina ndugu katika emisambwa ya Kiganda na misambwa ya Kiluhya, na kwamba linahusu roho zinazofungamana na mwamba, chemchemi au msitu. Huko Butiama, msitu wa Muhunda ulio karibu na Mwitongo, mahali alipozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, huhesabiwa na Wazanaki wa hapo kuwa makao ya roho mlinzi. Msitu wa namna hiyo huogopwa, lakini kuogopwa si kuharibika. Hofu ndiyo inayozuia mti kukatwa na maji kuchafuliwa.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika utafiti wake juu ya Serengeti ya magharibi uliochapishwa mwaka 2007, ameonyesha jinsi wazee wa huko wanavyoisoma historia kwa kutembea: kila kilima na kila kisima ni sura ya masimulizi. Kwa mujibu wa mtazamo huo, nchi inaweza kuugua. Mvua ikikataa, mifugo ikifa, au watu wakigombana, nchi imeharibika na inahitaji kutibiwa. Tiba ilikuwa kazi ya watu wengi. Rika lililokuwa limeshika zamu ya uongozi lilizunguka mipaka ya nchi kwa miguu, na nchi ikafungwa upya dhidi ya maradhi na maadui.

Masimulizi ya asili yanatilia nguvu fikra hiyo. Waikizu humtaja Muriho, ambaye mlima Chamuriho wilayani Bunda unabeba jina lake. Husimuliwa kwamba aliwakuta huko Wahengere, watu wafupi wenye kutisha, akawashinda kwa nguvu za dawa, na nchi ikawa ya kukalika. Baada yake anatajwa Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na uwezo wa kuleta mvua, ambaye utemi wa Waikizu unatokana naye. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mwanamke mwenye maarifa ya siri amewekwa katika msingi wa nchi, akiwa mwenye kuiponya.

Hata hivyo, haifai kuipamba picha hii. Shutuma za uchawi zilikuwapo kabla ya ukoloni, na watu waliteswa kwa ajili yake. Kinachodaiwa hapa ni kwamba jamii ilikuwa na njia zaidi ya moja ya kueleza maafa, na njia mojawapo haikuhitaji mkosaji.

Miaka ya maangamizi

Njia hizo zilijaribiwa vikali mwishoni mwa karne ya 19. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe. Njaa na ndui zikafuata. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea ziwani, aliandika habari za Wamasai waliokuwa wakifa kwa njaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani na visiwa vya ziwa upande wa Uganda, na mwaka 1922 mlipuko mwingine ukaonekana Maswa, kusini mwa eneo hili.

Utaratibu wa maangamizi hayo umeelezwa vizuri na John Ford (1971) na Helge Kjekshus (1977). Watu na mifugo wanapokuwa wengi, kulima, kuchunga na kuchoma nyasi huzuia vichaka. Watu wakifa au wakikimbia, vichaka hurudi, wanyama pori hurudi pamoja navyo, na mbung'o huwafuata. Mbung'o akishaingia, ng'ombe hawawezi kufugwa tena, na mtu anayejaribu kurudi katika shamba la baba yake hupata ugonjwa unaomtia usingizi hadi kifo. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipowahamisha watu kutoka maeneo ya malale na kuwakusanya katika makazi maalumu, ilizidisha mahame.

Kwa mtu aliyeyaona hayo, kusema kwamba nchi imeharibiwa na nguvu isiyoonekana hakukuwa ujinga. Mahali palepale palipolisha ukoo mzima palikuwa sasa panaua kila anayepakanyaga, na sababu haikuonekana kwa macho. Elimu ya viumbe ilikuja kutaja mbung'o na vimelea. Haikufuta maana ya kauli ya wazee kwamba nchi iliugua baada ya watu kuondoka.

Pori lililosahau watu

Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Mwaka huohuo kitabu na filamu za Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ziliitangaza duniani kama mabaki ya Afrika ambayo mkono wa binadamu haujayagusa. Ndani ya hifadhi hiyo kulibaki Nyeberekera, mahali ambapo Waishenyi hupahesabu kuwa makazi yao ya zamani, pamoja na sehemu nyingine za matambiko ambazo wenyeji hawakuweza tena kuzifikia kwa uhuru.

Hapa historia inatoa mkanganyo mkubwa. Mwenyeji aliona mahame: nchi iliyojeruhiwa, inayosubiri kutibiwa. Mgeni aliona pori safi ambalo halijawahi kukaliwa. Wote wawili walitazama vichaka vilevile. Tafsiri ya mgeni ndiyo iliyoandikwa katika sheria, na kuzunguka mipaka ya nchi kwa miguu kukawa kosa la kuingia hifadhini bila kibali.

Kutoka nchi hadi mtu

Sheria nyingine ilikuwa imetangulia. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, kisha ikatunga ile ya mwaka 1928 ambayo hadi leo imo katika vitabu vya sheria za Tanzania kama Sura ya 18. Sheria hiyo inautafsiri uchawi kwa upana, ikiweka pamoja kuroga, kutumia zana za uchawi, na hata kudai kuwa na maarifa ya siri. Aidha, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akae mahali fulani. Kwa sheria hiyo dola haikuwa na habari na nchi inayougua. Ilimtambua mtu tu, na dawa yake ikawa kumhamisha.

Kuhama, kwa hakika, kulikuwa pia dawa ya wenyeji. Familia iliyoshukiwa na majirani iliweza kufungasha na kuanza upya kwingine. Nafasi hiyo ilipungua kufuatia agizo la mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Makaburi na mashamba yaliachwa nyuma, na watu wasiopatana wakawekwa mlango kwa mlango. Simeon Mesaki, mtafiti wa mauaji ya Usukumani, amekuwa miongoni mwa waliohusisha mabadiliko hayo na kuongezeka kwa mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi. Takwimu alizozitumia zinaonyesha zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Mwanza na Shinyanga, mikoa iliyokuwa jirani na Mara wakati huo. Macho mekundu ya bibi kizee, yanayoweza kusababishwa na moshi wa miaka mingi jikoni, yalitosha kuwa ushahidi.

Kijiji cha Gamboshi, wilayani Bariadi, kinaonyesha upande mwingine wa mageuzi haya. Katika masimulizi yaliyoenea Tanzania nzima, Gamboshi ni makao makuu ya wachawi: usiku huwa jiji la maghorofa na taa, na mchana hurudi kuwa kijiji cha kawaida. Katika hadithi hii mahali hapahitaji kuponywa, na hakuna rika la kuzunguka mipaka yake. Yeyote atokaye huko hubeba jina baya la mahali pake. Wanaoishi Gamboshi ni wakulima na wafugaji, lakini katika mazungumzo ya mijini jina la kijiji chao limekuwa mzaha, na mzaha huo una uzito katika eneo ambalo tuhuma imewahi kuua.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa ni ya maafa, na pia ni ya maneno. Nchi ya Mara ilipata sotoka, njaa, malale, hifadhi na vijiji vya lazima. Kila moja liliacha mahali pasipo watu, na kila mahali pasipo watu palihitaji maelezo. Lugha za wenyeji zilikuwa na maelezo yaliyoanza na nchi na kuishia katika wajibu wa wote. Kiswahili cha mahakama, mimbari na magazeti kilileta maelezo yaliyoanza na shetani au mchawi na kuishia kwa mtu mwenye jina, mara nyingi mjane mzee asiye na wa kumtetea. Aliyefanana na Nyakinywa kwa maarifa yake akaja kuuawa kwa ajili ya maarifa hayo.

Kwa wanafunzi wa lugha, kazi iliyobaki ni ya kamusi na ya masimulizi. Maneno kama erisambwa yanastahili kuandikwa kwa maana zake kamili, badala ya kufasiriwa kwa neno shetani na kuachwa. Vilevile neno mahame linastahili kurudishwa katika matumizi ya kitaaluma, kwa kuwa linamlazimisha anayelitamka auliza ni akina nani walioishi hapo, na ni nini kilichowaondoa.