Namna ya kufundisha darasani inavyoamua mwanafunzi ataijua lugha ya pili au la

Na Mwandishi Wetu

WATOTO wengi wanaokulia Omurushaka, mji mdogo wa biashara wilayani Karagwe, mkoani Kagera, hukutana na lugha tatu kabla hawajamaliza shule. Nyumbani husikia Kinyambo, shuleni na sokoni hukuta Kiswahili, na wakiingia kidato cha kwanza hutakiwa kujifunza karibu masomo yote kwa Kiingereza.

Hali ni hiyo hiyo katika vijiji vilivyo kando ya barabara itokayo Omurushaka kupitia Nkwenda hadi Murongo, mpakani na Uganda, eneo ambalo tangu mwaka 2012 liko katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe. Kwa mtoto wa huko, lugha ya pili ni Kiswahili, na Kiingereza ni ya tatu.

Mjadala wa lugha nchini umejikita zaidi katika swali la Kiingereza kianze darasa la ngapi. Somo hilo limewahi kuanzia darasa la tatu, na kuna wakati lilianzia darasa la kwanza. Hata hivyo, tafiti za ujifunzaji lugha zinaonyesha kwamba anachofanya mwalimu ndani ya kipindi kina uzito mkubwa, pengine kuliko mwaka wa kuanzia.

Kiswahili na Kinyambo zote ni lugha za Kibantu. Mtaalamu wa isimu, Josephat Rugemalira, aliyechapisha msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002 na kitabu cha sarufi ya Kinyambo mwaka 2005, ameweka wazi muundo wa lugha hiyo. Mtoto anayesema 'omuntu' na 'abantu' hapati taabu kubwa kuelewa 'mtu' na 'watu', kwa kuwa mpangilio wa ngeli anao tayari. Mwalimu anayemwonyesha mfanano huo humfupishia safari, ilhali anayemwadhibu kwa kusema Kinyambo humnyang'anya ngazi ya kupandia.

Kiingereza ni jambo jingine. Katika Kinyambo na Kiswahili, kiwakilishi kimoja humtaja mwanamume na mwanamke, wakati Kiingereza hutofautisha 'he' na 'she'. Makosa ya mwanafunzi katika jambo hilo si dalili ya uzembe, bali huonyesha kwamba bado anafikiri kwa mpangilio wa lugha anayoijua.

Njia za kufundisha lugha zilizoenea duniani zinaweza kugawanywa katika makundi makuu matatu. Ya kwanza ni ya sarufi na tafsiri, ambapo mwalimu huandika kanuni ubaoni na wanafunzi kunakili. Njia hii husaidia kujibu mtihani wa kujaza nafasi, lakini humwacha mwanafunzi bila uwezo wa kuzungumza.

Ya pili ni ya kurudia kwa pamoja. Mwalimu hutamka, darasa zima huitikia, kisha huulizwa kama wameelewa na wote hujibu ndiyo. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, njia hii ni rahisi na hujenga matamshi. Kasoro yake ni kwamba sauti ya wengi humficha asiyeelewa.

Ya tatu ni ya mawasiliano, iliyopata nguvu tangu miaka ya 1970. Mwanafunzi hupewa jambo la kufanya kwa lugha: kuuliza bei, kueleza njia au kusimulia habari. Mwaka 2005 Tanzania iliingiza mtaala wa sekondari unaolenga kujenga umahiri, lakini kubadili mtaala hakubadili peke yake mazoea ya darasani.

Gharama ya mazoea hayo imejulikana kwa muda mrefu. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Mwaka 1984, ripoti ya Criper na Dodd ilibaini kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Aidha, Halima Mwinsheikhe, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu masomo ya sayansi, alionyesha kuwa wanafunzi hushiriki zaidi somo linapofundishwa kwa Kiswahili.

Naye Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesisitiza katika maandishi yake kuwa kufundisha lugha na kufundisha kwa lugha ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi asiyeelewa somo la baiolojia kwa Kiingereza hukosa vyote viwili, baiolojia na Kiingereza.

Nje ya nchi kuna mafunzo mawili yanayofaa kuzingatiwa. Nchini Fiji, watafiti Elley na Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika madarasa ya shule za msingi za vijijini. Matokeo yao ya mwaka 1983 yalionyesha kuwa, baada ya miezi minane, watoto hao walipiga hatua ya kusoma Kiingereza kwa kasi mara mbili ya kawaida. Nchini Canada, Merrill Swain alibainisha mwaka 1985 kuwa wanafunzi waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi walielewa vizuri, lakini walibaki nyuma katika kusema na kuandika, kwa kuwa hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuitumia lugha hiyo wenyewe.

Kutokana na hayo, mwalimu wa Omurushaka hahitaji vifaa vya gharama kubwa ili aanze. Anaweza kuwapanga wanafunzi wawili wawili ili kila mmoja aseme, kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kusoma hadithi fupi kwa sauti kila siku, na kutumia Kiswahili kufafanua jambo gumu kabla ya kurejea katika Kiingereza. Kosa lisahihishwe bila kumwaibisha aliyelifanya, kwani anayeogopa kuchekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema.

Wazazi nao wasipime shule kwa wingi wa Kiingereza kilichojaa kwenye madaftari. Kipimo cha kweli ni kama mtoto anaweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, alichofundishwa siku hiyo.