Kabla ya AI kulikuwa na makasi ya Bakor

Nina msimamo ambao najua utawakera wasee kadhaa: picha ya kutunga si adui yetu.

Siku hizi ukiposti picha yoyote yenye ubunifu kidogo, wa kwanza kujibu anauliza, "Hii si AI?" Naelewa. Tumeonyeshwa viongozi wakisema maneno ambayo hawakusema, na umati ambao haukuwahi kukusanyika. Mtu amechoka kudanganywa.

Lakini nikiangalia historia yetu, kuanzia huku kwetu Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, hadi Lamu na Nairobi, naona kitu tofauti. Picha zilizotubana zaidi hazikuwa za uongo. Zilikuwa za kweli kabisa: sura yako, jina lako, nambari yako. Na baadhi ya picha zilizosema ukweli kuhusu mashine na maisha ya kisasa zilitungwa mwanzo hadi mwisho.

Wasomi wanaiita sanaa hii upigaji picha wa dhana. Maana yake ni rahisi: wazo linakuja kwanza. Mpiga picha hangoji tukio litokee barabarani. Anachagua mtu, nguo, vifaa na mahali, anajenga tukio lake, halafu ndio anabonyeza. Watu hudhani hiyo ni sanaa ya nje iliyotufikia juzi kupitia Instagram. Si kweli. Twende pole pole.

Watu waliokataa kamera

Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na hawakuwa wakitania. Ukitoroka shamba la mzungu, karatasi hiyo ndiyo iliyokurudisha.

Hiyo ilikuwa teknolojia ya kisasa wakati huo, manze. Alama za vidole, faili, nambari. Ukiitazama vizuri utaona ni hifadhidata iliyovaliwa shingoni.

Sasa fika 1953. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na Bonde la Ufa lilijaa Wakikuyu waliofanya kazi na kuishi kwenye mashamba ya walowezi. Mapema mwaka huo serikali ikataka wapigwe picha kwa ajili ya vitambulisho vipya. Wengi walikataa. Maelfu wakaondoka au wakafukuzwa, wakarudishwa maeneo ya Kikuyu ambayo tayari yalikuwa yamefurika watu.

Fikiria hilo kidogo. Watu waliacha kazi, nyumba na mifugo badala ya kusimama mbele ya kamera. Vitabu vingi vinapita hapo haraka, vinaenda moja kwa moja kwa bunduki na uvamizi wa kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi mwaka huo huo. Mimi nasimama kwenye kamera. Alama ya kidole inahitaji mtaalamu na faili. Sura inahitaji askari mmoja na tochi. Nadhani watu wetu walielewa tofauti hiyo mapema sana, kabla hakujakuwa na neno la kuieleza.

Kwa hivyo historia ya picha huku kwetu haianzi na selfi. Sehemu yake kubwa inaanza na watu waliosema hapana.

Makasi ya Lamu, ndege za Likoni

Sasa shuka pwani. Miaka ya 1960, Omar Said Bakor alifungua studio yake Lamu. Alijifunza kazi mwenyewe. Kwake mteja hakupata tu picha ya kukaa wima na kuangalia mbele. Bakor alikata picha kwa makasi, akaunganisha vipande, akachanganya picha moja na nyingine ndani ya chumba cha giza, mpaka mtu akajikuta mahali ambapo mwili wake haujawahi kufika. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na makasi, gundi, dawa za kusafisha picha na kichwa chake. Alifariki 1993, kabla hata wengi wetu hatujazaliwa.

Huko Mombasa nako, karibu na kivuko cha Likoni, kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vidogo vya mbao. Nyuma ya mteja waliweka mandhari yaliyochorwa kwa rangi: majumba marefu, meli, ndege. Unashuka feri na vumbi lako la siku nzima, unalipa, unapigwa picha ukiwa "mjini" au "safarini". Wengi wa wapiga picha hao walikuwa wametoka bara. Ghasia za Likoni zilipozuka Agosti 1997 na kulenga watu wa bara, nao walikuwa miongoni mwa waliopata pigo.

Kuna watu huangalia picha zile na kucheka. Ati ushamba. Hapana. Yule mteja alijua vizuri sana kwamba ndege ni rangi kwenye kitambaa. Mpiga picha alijua. Ndugu yake kijijini aliyetumiwa ile picha pengine alijua pia. Hakuna aliyedanganywa. Walichokuwa wakisema pamoja ni hiki: dunia ya ndege na maghorofa inapita karibu yangu kila siku, na mimi siimo ndani yake, basi leo najiweka. Hayo ni maoni kuhusu jamii ya kisasa, tena makali, kwa bei ya picha moja.

Linganisha na 1953. Kamera ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anaamua picha iseme nini.

Taka za simu zinapovaliwa usoni

Kizazi kilichofuata kiliishi na shida nyingine. Teknolojia ilifika, lakini mara nyingi ilifika kwetu ikiwa kuukuu, na ikaishia jaani. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi 1984, alikulia karibu na jaa la taka. Anaokota nyaya, vipande vya redio, vijiko na vyuma, anaviunda kuwa miwani mikubwa anayoiita C-Stunners. Halafu anaivaa mwenyewe na kupigwa picha. Hiyo hatua ya mwisho ni muhimu. Miwani peke yake ni kifaa kizuri cha kuweka mezani. Ikivaliwa na mtu anayekutazama machoni, inakuwa swali: ukiangalia dunia kupitia mabaki ya mashine za watu wengine, unaona nini?

Tahir Carl Karmali, mzaliwa wa Nairobi pia, alienda njia nyingine kwenye mfululizo wake wa "Jua Kali" wa 2014. Aliunganisha picha za watu na picha za vyuma na mabaki ya vifaa, hadi ukawa huwezi kusema fundi anaishia wapi na mtambo unaanzia wapi. Nikiziangalia nawakumbuka mafundi wa simu wa Naivasha mjini, wale wenye kioo cha kukuza jichoni siku nzima. Kila mtu husifu "ubunifu wa jua kali" kwenye hotuba. Picha hizi zinaonyesha kwamba kazi hiyo pia inamla mtu.

Kabla sijasahau, hata malighafi ya simu yako ina picha zake. Richard Mosse, kutoka Ireland, alianza kupiga picha mashariki mwa Kongo mnamo 2010 kwa filamu ya Kodak inayoitwa Aerochrome, iliyotengenezwa kusaidia jeshi kumwona adui aliyejificha kwenye majani. Filamu hiyo inaona mwanga ambao jicho halioni, na mimea ya kijani inatoka rangi ya waridi. Kazi yake ilionyeshwa Venice mwaka wa 2013. Wazo lenyewe ni kali: vita katika eneo linalochimbwa koltani ya vifaa vyetu viko mbele yetu na bado hatuvioni, basi avipake rangi ambayo huwezi kuipuuza. Lakini mimi huwa najiuliza, waliopigwa picha wangechagua rangi gani wao wenyewe?

Picha ambazo hazikupigwa

Hapo ndipo Osborne Macharia ananigusa zaidi. Alisomea usanifu wa majengo, akageukia kamera, na katikati ya miaka ya 2010 akaanza kutunga hadithi nzima kwa picha. "Macicio", yaani miwani kwa Kikuyu, inabuni kikosi cha siri cha Mau Mau kilichotengeneza miwani ya ajabu kwa ajili ya wapiganaji. "Kipipiri 4" inabuni wanawake wanne ambao mitindo yao ya nywele ilikuwa na kazi ya vita. Kipipiri ni mlima wa kweli, ng'ambo ya ziwa kule Nyandarua. Kikosi hakikuwepo. Macharia hakudai kilikuwepo.

Sasa unganisha na 1953. Picha nyingi za Mau Mau tulizorithi zilipigwa na upande uliowashika: wafungwa wamechuchumaa, mikono kichwani, askari pembeni. Hizo ni picha "za kweli". Wengine walikataa kabisa kupigwa. Kwa hivyo kuna shimo kwenye albamu ya taifa, na huwezi kulijaza kwa kutafuta zaidi kwenye makabati ya London. Macharia analijaza kwa ubunifu, tena anawapa wapiganaji kile ambacho mkoloni alidai ni chake peke yake: ufundi, sayansi, mitambo. Anasema hawa pia walikuwa watu wa kuvumbua. Hilo ni kweli, hata kama ile miwani si ya kweli.

Na sasa, sisi

Rudi kwa simu yako. Mwaka wa 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Kutoka kidole, hadi sura, hadi jicho. Tofauti ni kwamba mara hii hatukufukuzwa shambani. Tulijipanga wenyewe.

Upande mwingine, Desemba 2024, vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza michoro na picha za kumkejeli Rais, baadhi zikiwa zimetengenezwa kwa AI. Kibet Bull, mchoraji wa zile silueti unazozijua, alikuwa mmoja wao. Waliachiliwa Januari 2025. Tayari tulikuwa na sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandao, iliyoleta makosa ya kuchapisha habari za uongo, kukiwa na kifungo cha hadi miaka 10.

Umeona hatari iko wapi? Tukikubali kwamba kila picha ya kutunga ni uongo, tutakuwa tumempa mwenye nguvu rungu. Bakor atakuwa mwongo. Macharia atakuwa mwongo. Kijana wa kejeli atakuwa mhalifu. Na kamera ya kitambulisho, ile ile iliyowafukuza watu Bonde la Ufa, ndiyo itabaki ikiitwa ukweli.

Mimi nimejipa maswali matatu kabla ya kuhukumu picha yoyote. Kwanza, aliye ndani yake alikubali? Pili, picha inajitangaza kuwa imetungwa, au inajificha ili uamini? Tatu, inamlenga nani, mwenye nguvu au mnyonge? Mteja wa Likoni anapita yote matatu. Kejeli ya rais haipiti la kwanza, na haina haja, kwa sababu la pili na la tatu zinaipitisha: kila mtu anajua ni kejeli, na inamlenga mkubwa. Video ya bandia ya msichana wa kawaida, iliyotengenezwa kumwaibisha, inaanguka yote. AI ni makasi tu. Uliza nani ameyashika na anamkata nani.

Nasema haya kwa sababu huku kwetu picha zinaendelea kutungwa bila sisi. Olkaria ilianza kuzalisha umeme wa mvuke 1981. Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data huko huko, kitumie mvuke huo. Kwenye matangazo ya miradi kama hiyo unaona mabomba yanayong'aa, maua, twiga kwa mbali. Watu hawapo.

Kwa hivyo kuna picha nataka kuitunga. Mama wa shamba la maua, anayejua vizuri tunachofanya na ambaye amekubali, amekaa karibu na bomba la mvuke. Shingoni ana kikebe cha chuma. Ndani ya kikebe, badala ya karatasi, kuna simu, na skrini yake inamulika kidevu chake. Hatatabasamu asipotaka. Chini nitaandika wazi kwamba imetungwa, na jina la kila aliyeshiriki akitaka litajwe.

Na wewe, kwenu kuna picha gani ambayo hakuna mtu aliwahi kuipiga?